Re: Kobalti nano na toluini: USIANDIKE KITU, chuja ikiwa moto kwanza

Simama hapo hapo mkuu. Unauliza uchome kichocheo chako, unga wa oksidi ya kobalti (Co3O4) wa chembe za nano, kwa nyuzi 400 au 500, na jarida gani utume, kwa sababu toluini inageuka benzaldehidi vizuri ndani ya asidi ya asetiki yenye TBHP (peroksidi inayotoa oksijeni), na unga ule ule umeutumia tena mara tatu bila kuchoka. Mimi niliandika hivyo hivyo kwenye tasnifu. Miezi minane ikaenda na maji.

Unga wangu wenyewe haukuwa ukifanya kazi. Asidi ilikuwa inauyeyusha kidogo kidogo, na kobalti iliyoingia kwenye kimiminika ndiyo iliyokuwa ikivunja TBHP na kuzalisha radikali (vipande vya molekuli vyenye elektroni pweke, vinavyoshambulia toluini). Viwandani kobalti iliyoyeyuka inaoksidisha toluini kuwa asidi ya benzoiki miaka mingi sasa, bila nano yoyote! Ni kama chai: ukishatoa majani, rangi imebaki kwenye maji.

Mchujo wangu, yaani kimiminika kilichobaki baada ya kuchuja unga, ulikuwa na ukijani kwa mbali. Niliuinua dirishani nikamwonyesha msimamizi wangu. Akasema vyombo havikuoshwa vizuri, na kwamba kurudia unga mara tatu kunatosha. Hakutoshi! Nusu asilimia ikiyeyuka kila mzunguko, kwenye mizani huioni, lakini kazi inaifanya. Bado inaniuma, maana swali niliuliza mwenyewe, na jibu nikalipokea kwa heshima.

Kwa hiyo: CHUJA IKIWA BADO MOTO. Toluini ikifika kama theluthi kugeuka, ondoa unga papo hapo kwenye nyuzi zile zile 80 za mmenyuko. Ikipoa, kobalti inaweza kurudi kushika kwenye unga, ushahidi ukapotea. Na karatasi ya kawaida haifai. Chembe za nanomita 20 zinapenya hata kichujio cha nanomita 200, kwa hiyo tafuta chenye matundu madogo kuliko chembe zako. Rudisha mchujo kwenye joto, endelea kupima. Pembeni weka chupa yenye mchanganyiko ule ule, ambayo haikuguswa na unga tangu mwanzo, kwa kuwa TBHP peke yake nayo inafanya kazi kiasi. Mchujo ukigeuza toluini kuliko chupa hiyo, kobalti imeyeyuka. Peleka ukapimwe kwenye AAS (mashine inayopima kiasi cha metali kwa mwanga inaoufyonza) upate kiasi.

Chupa ya jana bado ipo mezani? Usiimwage. Iinue kwenye mwanga kwanza, uniambie ina rangi gani.