Kiduha hakimalizwi kwa jembe peke yake

Ukiona mahindi yananyauka ilhali ardhi ina unyevu, na yamedumaa kana kwamba ukame umepita, usikimbilie duka la pembejeo. Inama uangalie chini ya mashina. Huku kwetu Kanda ya Ziwa mara nyingi utakuta vimmea vidogo vinachomoza, ambavyo baadaye vitatoa maua ya zambarau yanayopendeza macho. Hicho ndicho kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Jirani zetu Wajaluo wanakiita kayongo.

Wakulima wengi hupambana nacho wakati wa palizi, maana ndipo kinapoonekana. Lakini kinapochomoza kimeshanyonya mizizi kwa wiki kadhaa. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mche mmoja unaweza kumwaga makumi ya maelfu, na zinakaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Hazioti ovyo. Zinasubiri mzizi wa mahindi, mtama, uwele au ulezi upite karibu. Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ya kuwaita fangasi wa udongoni waisaidie kupata chakula. Kemikali hiyohiyo ndiyo inayoamsha kiduha. Ndiyo maana shamba lililochoka huumia kuliko lenye rutuba.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa naianzia kwenye udongo. Samadi iliyooza vizuri naiweka kila msimu, na kwa kuwa haitoshi shamba zima, naitia kwenye shimo la mbegu badala ya kuitawanya. Halafu nabadilisha mazao. Pamba, karanga, kunde na soya huamsha mbegu za kiduha lakini hazikilishi, kikaota na kufa bila kuzaa. Msimu mmoja hautoshi kabisa. Anayekuahidi kukimaliza kwa msimu mmoja anataka hela yako tu.

Kung'oa bado ni lazima, ila kabla hakijachanua. Kikishatoa maua kitie kwenye gunia ukakichome moto. Usikitupe kwenye mboji wala usiwape ng'ombe.

Kwa wanaolima mtama, Tanzania ilitoa mbegu za Hakika na Wahi mwaka 2002, zote zikiwa na ukinzani dhidi ya kiduha. Muulize bwana shamba wako. Kwa mahindi, ninachokiamini zaidi ni desmodi, mmea wa jamii ya mikunde, katikati ya mistari na majani ya tembo pembezoni, mbinu ya sukuma-vuta iliyoendelezwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya. Mizizi ya desmodi huamsha mbegu za kiduha na kukizuia kisishike mahindi, harufu yake huwafukuza bungua wanaotoboa mabua huku majani ya tembo yakiwavuta pembeni, na majani ya desmodi ni malisho mazuri. Shida ni moja: desmodi hukaa shambani miaka mingi, na huku kwetu mifugo huachiwa baada ya mavuno. Zungumza na majirani au weka uzio wa miba kwanza, la sivyo mbuzi wataimaliza.

Jambo la mwisho linapuuzwa sana. Palizi ianzie upande msafi na iishie penye kiduha, kisha jembe lifutwe udongo wote kabla ya kwenda shamba jingine. Na ukikodi ng'ombe wa kulimia, muulize mwenye plau ametoka kulima wapi.