Mtama si shayiri: jibu kwa mpika bia wa Nyegezi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Nyegezi, Mwanza, na nimeanza kujifunza kupika bia nyumbani kwa matumizi yangu mwenyewe. Nilichukua kilo 3 za kimea cha mtama kilichosagwa na lita 10 za maji, nikashikilia joto la nyuzi 66 kwa saa moja, kama nilivyoelekezwa na wapikaji wa ng'ambo ninaowasiliana nao mtandaoni. Maji niliyochuja hayakuwa na utamu wa maana, na haidromita, kile kipimo cha wingi wa sukari kwenye maji, ilisoma 1.018 tu. Nilitia hamira ya mkate nikaacha ndoo chumbani. Baada ya siku 5 nilipata pombe nyepesi inayonuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha na, kwa mbali, kama wodi ya hospitali. Kipimajoto changu nacho nakitilia shaka, kwa kuwa maji yakitokota hakivuki 96. Nilipoomba ushauri, mmoja aliniambia niongeze sukari, wa pili ninunue jokofu, wa tatu niichemshe upya na kukinga mvuke ili isipotee bure. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Nianze na kipimajoto, kwa sababu katika habari yako yote ndicho pekee kisicho na kosa. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyotokota kwa joto dogo zaidi. Hapo ulipo, nyuzi 96 ndizo zinazotarajiwa. Wenzako wanaoishi karibu na usawa wa bahari wataona 100 na kukushauri ukitupe. Usikitupe.

Kiini cha tatizo lako kiko kwenye ile saa moja ya nyuzi 66. Maelekezo hayo ni sahihi kabisa, ila yaliandikwa kwa ajili ya shayiri. Kimea hutupatia vitu viwili: wanga, na vimeng'enya vinavyoukata wanga huo kuwa sukari. Vimeng'enya haviwezi kuukata wanga mbichi. Ni lazima kwanza punje zake zivimbe na kulegea ndani ya maji ya moto, kama unga unavyobadilika ukawa uji. Wanga wa shayiri hulegea kwenye nyuzi 60 na kidogo, vimeng'enya vikiwa bado hai, ndiyo maana kwa shayiri kazi zote mbili hufanyika katika sufuria moja na kwa joto moja. Wanga wa mtama hukaidi mpaka joto lifike nyuzi 70 na zaidi, na hapo vimeng'enya, hasa kile kinachotoa sukari ambayo hamira huila kwa urahisi, vinakuwa vimeanza kufa. Kwa nyuzi 66, basi, ulikuwa na wakataji wenye visu vikali na mzigo ambao haujafunguliwa.

Bibi zetu wa Usukumani hawakuwa na kipimajoto, lakini jambo hili walilijua kwa mikono yao: hupika uji kwanza, wakauacha upoe, ndipo wakatia kimea. Nakushauri ufuate mantiki hiyo kwa vipimo. Changanya kilo 3 za kimea na lita 9 za maji yenye nyuzi 45, koroga, kisha acha mchanganyiko utulie kwa nusu saa mpaka unga uzame. Chota polepole lita 3 za maji ya juu na uyaweke kando. Yamebeba sehemu kubwa ya vimeng'enya, kwa hiyo yasiguse moto. Zito lililobaki lichemshe kwa dakika 30, ukikoroga lisigande chini, mpaka liwe uji ulioiva. Uache upoe hadi nyuzi 75 hivi, kisha urudishie yale maji yote kwa mara moja na ukoroge. Joto litashuka hadi karibu na 64. Funika sufuria, izungushie blanketi, iache kwa saa moja na nusu. Utaona kwa macho yako uji mzito ukilainika na kuwa togwa, na ulimi utathibitisha.

Ukitaka uthibitisho mwingine, weka matone machache ya togwa iliyopoa kwenye kisahani cheupe na udondoshee iodini ya dukani: rangi ikigeuka kuwa bluu inayoelekea nyeusi, wanga bado upo, na unapaswa kusubiri zaidi. Kilichomo kisahanini kimwage, kisirudi sufuriani. Kwa kiasi hicho cha kimea, ukisha kuchuja na kuongeza maji hadi lita 10, haidromita isome mahali fulani kati ya 1.040 na 1.055. Uchujaji utakuchosha, kwa kuwa mtama hauna makapi kama ya shayiri ambayo kwa wenzako hufanya kazi ya chujio. Tumia mfuko wa kitambaa chepesi na subira. Baada ya kuchuja, chemsha togwa kwa saa moja. Hopsi, yale maua makavu ya kutia uchungu, hazilimwi kwetu na si lazima kwa jaribio lako. Bila hopsi, inywe pombe hiyo mapema, isizidi wiki moja tangu iwe tayari.

Hujaeleza kama kimea ulikiotesha mwenyewe. Ikiwa ndivyo, kianike mpaka kikauke vizuri, kisha kifikiche na kukipepeta hadi machipukizi na vimizizi viondoke vyote. Machipukizi ya mtama hubeba kemikali inayoweza kuzalisha sianidi, ambayo ni sumu, na desturi ya kuyapepeta ina maana kubwa kuliko usafi wa macho. Punje zilizoota ukungu zitupwe.

Sasa harufu. Ile ya dawa ya kucha kwa kawaida hutokana na hamira kufanya kazi katika joto kali. Mchana wa Mwanza hufika nyuzi 28 bila shida, chini ya bati huzidi, na hamira nayo ikichangamka hutoa joto lake, kiasi kwamba ndani ya ndoo kunaweza kuwa na nyuzi 3 au 4 zaidi ya chumba. Siku 3 za mwanzo ndizo zinazoamua ladha. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe kitambaa ambacho ncha zake zimezama majini, iweke mahali penye upepo, na asubuhi na jioni tumbukiza beseni hilo chupa za maji yaliyogandishwa. Kusudio ni ndoo ikae kati ya nyuzi 20 na 24. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi kiangazi, hewa ikiwa kavu, kuliko masika. Hamira ya mkate ni jamii moja na hamira ya bia na si kosa kuitumia. Gramu 5 zinatosha lita 10, ingawa haitulii chini vizuri na huacha ladha ya maandazi. Siku ukipata fursa ya kuagiza, ulizia chachu za asili za Norway ziitwazo kveik, ambazo hustahimili nyuzi 30 hadi 40 bila kuharibu ladha.

Harufu ya hospitali, kwa maelezo yako, naishuku klorini ya maji ya bomba, au dawa ya madoa uliyooshea ndoo bila kuisuuza vya kutosha. Chemsha maji ya kupikia kwa dakika 20 bila kufunika kabla ya kutia kimea, na ndoo isuuze kwa maji yaliyochemshwa.

Nirudi kwa washauri wako. Aliyesema uongeze sukari angeongeza kilevi bila kugusa sababu ya togwa kukosa utamu. Aliyesema ununue jokofu ameuona ugonjwa wa joto kwa usahihi, ila ametaja tiba ya mfuko wake. Wa tatu usimsikilize kabisa: kukinga mvuke wa pombe ni kutengeneza gongo, jambo ambalo sheria hairuhusu bila leseni, na mvuke huo wa kilevi hushika moto kwa urahisi. Wala usiiuze bia yako kwa jirani kabla ya kumwona ofisa biashara wa halmashauri kuhusu kibali.

Hata hivyo sikulaumu kwa kuuliza, na wale si watu wabaya. Waliulizwa kuhusu bia isiyo na utamu, kila mmoja akajibu kuhusu bia ya kwao. Utakapouliza tena, taja nafaka, uzito wake, lita, joto na muda wa kila hatua, joto la chumba mchana na usiku, aina ya hamira, na usomaji wa haidromita mwanzo na mwisho. Anayekujibu bila kujali kwamba umesema mtama, mshukuru na umpite.

Upo ushauri mmoja wa wapikaji wa ng'ambo ambao unapaswa kuufuata hata hapa bila kupunguza neno: usijaze chupa mpaka haidromita isome namba ileile kwa siku 3 mfululizo. Ukianza na 1.045 na kuishia 1.010, tofauti ya 0.035 ukiizidisha kwa 131 inakupa kilevi cha asilimia 4.6 hivi, na hapo unaweza kutia gramu 6 za sukari kwa kila lita ili kupata povu. Tumia chupa nzito za bia zisizo na nyufa, zifunge, ziweke ndani ya sanduku lenye kifuniko mbali na watoto, na siku ya saba ipoze moja kabla ya kuifungua. Ikifoka, zipeleke zote kwenye baridi siku hiyohiyo na uzifungue moja moja kwa kuzifunika kitambaa kizito.