Bahati Nasibu ya Taifa si ya juzi

Kuna kaka anasema Bahati Nasibu ya Taifa ya Tanzania ilianza 2025. Hapana kaka, haikuanza mwaka huo. Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa ilitungwa 1974. Mzee wangu alikuwa akinunua tiketi hapa hapa Mwanjelwa, Mbeya, akizikunja ndani ya daftari la madeni (hakushinda hata siku moja). Sheria ya 2003 ndiyo iliyoleta Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, msimamizi wa michezo hiyo, na sasa mwendeshaji wa bahati nasibu ni kampuni yenye leseni.

Faida kwa jamii? Kodi inaingia Hazina. Ila ile asilimia 5 ya Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, iliyokuja na bajeti ya 2021/22, inatoka kwenye kodi ya mikeka, yaani kubashiri matokeo ya michezo, si kwenye bahati nasibu. Msizichanganye.