Betri ileile, asilimia 60 au 85?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mhandisi wa umeme, mtumishi wa serikali hapa Mwanza. Mwaka jana niliteuliwa kuratibu mradi wa utafiti wenye makundi matatu. Tunachukua betri za lithiamu zilizochoka kwenye pikipiki za umeme, seli za LFP (lithiamu-chuma-fosfati), tunazifungua na kuziunda upya kuwa pakiti ndogo za seli nne kwa ajili ya taa za kuvulia dagaa. Kundi la chuo linachunguza kemia ya seli, la pili ni maabara ya vipimo, na la tatu, la hapa kwetu, linafuatilia pakiti zilizo kwenye mitumbwi ya mialo ya Igombe na Kayenze. Robo hii maabara imeandika kwamba pakiti zimebaki na asilimia 60 ya uwezo. Watu wa mialoni wameandika 85. Mkuu wangu anataka nimwambie nani amekosea kabla ya kikao cha bajeti. Nimeambatisha takwimu zote. Mimi si mtaalamu wa mambo ya maada, naomba msaada. — Mratibu, Ilemela

JIBU: Marahaba, mratibu. Nimezipitia takwimu zako usiku mzima wa jana, na habari njema ni kwamba hakuna aliyekosea. Habari mbaya ni kwamba kosa liko kwenye meza yako, na usipolirekebisha sasa, robo ijayo utaletewa namba tatu badala ya mbili.

Tuanze na hizo asilimia. Asilimia ya nini? Maabara ilipata ampea-saa 12 (kipimo cha chaji ambayo betri inatoa), ikagawa kwa 20 zilizoandikwa kwenye seli zilipotoka kiwandani. Hapo ndipo 60 ilipotoka. Timu ya mialoni ilipata ampea-saa 15.3, ikagawa kwa 18, kwa kuwa 18 ndicho kipimo cha siku pakiti zilipoundwa upya. Ukigawa zote kwa 20, ya mialoni inashuka kutoka 85 hadi 76.5. Theluthi ya ugomvi wenu imekwisha hapohapo, kwa kikokotoo cha simu, bila kumwita mtaalamu yeyote.

Iliyobaki ndiyo tamu. Maabara ilitoa chaji kwa mkondo wa ampea 20, kazi ikaisha kwa dakika 36. Kule ziwani taa ya wati 20 inakula ampea moja na nusu hivi, na kwa takwimu zako iliwaka karibu saa kumi. Wote walisimama volti ilipofika 11.2. Sasa fikiria ukinzani wa ndani wa pakiti iliyochoka, seli nne pamoja na maungio yake, tuseme ni omu 0.08. Kwa ampea 20, volti 1.6 zinapotea humohumo ndani kabla hazijafika kwenye kipimo. Kwa hiyo kipimo kinaposoma 11.2, seli zenyewe bado zina 12.8. Mtumbwini upotevu ni volti 0.12 tu, hivyo taa inaendelea kunyonya mpaka seli zimekaribia 11.3 kweli. Pakiti ya maabara haikuwa imeisha, ilikuwa imezidiwa. Mzee anayeshindwa kupanda kilima cha Bugando kwa kukimbia anaweza kufika juu akitembea, na hakuna daktari atakayeandika vyeti viwili vinavyopingana kwa sababu hiyo.

Ukinzani huo hukua kwa sababu ya utando unaojijenga juu ya grafaiti, ile kaboni ya upande hasi ndani ya seli. Kila mwaka na kila mzunguko wa chaji unaongezeka unene, unameza lithiamu, na unazuia njia. Ndiyo maana tofauti kati ya kupima haraka na kupima polepole ni ndogo kwa seli mpya na kubwa kwa seli iliyotumika. Kwa hiyo usimwambie mtu wa maabara aache ampea 20. Kipimo chake ndicho kinachowaambia watu wa chuo utando umefikia wapi. Mkuu wako naye akiuliza kama taa itafika alfajiri, mpe namba ya mialoni. Namba hizo mbili zipeni majina tofauti, na neno “uwezo” peke yake lisionekane tena kwenye taarifa yoyote.

Halafu wekeni kipimo kimoja cha pamoja ambacho kila kundi litakifanya kila robo, pamoja na vipimo vyake lenyewe: nyuzi 25, chaji mpaka volti 14.6, pumziko la saa moja, kisha ampea 4 mpaka 11.2. Karatasi moja, saini tatu. Mita za wote zikaguliwe dhidi ya kipimo kimoja, maabara ya ugezi (usahihi wa vipimo) ya TBS, shirika la viwango, inafanya kazi hiyo, na cheti kiwe kwenye faili lako, si lao.

Hapo nitakusimulia aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliratibu mradi unaofanana na wako, taasisi tatu za umma. Seli zilikuwa stoo moja, nikawaandikia wote waje wachukue. Kundi la kwanza kufika lilikuja na multimita. Wakachagua nzuri, na nani angewalaumu? La tatu lilifika Ijumaa jioni likazoa mabaki. Baada ya mwaka mmoja tuliandika kwamba njia ya kundi la kwanza ya kuunganisha seli inarefusha maisha ya betri. Ilirefusha nini! Walianza na seli changa. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, lakini ngozi niliigawa mimi. Ripoti ile bado iko kabatini kwa watu, na nikiikumbuka nasikia joto la masikio.

Kwa hiyo seli zilizotumika zipimwe zote kabla ya kugawanywa, zipewe namba, kisha ugawaji ufanywe kwa kura. Kura kabisa, vikaratasi kwenye kofia, na daftari lisainiwe. Toa seli moja katika kila kumi uifungie isitumike na mtu. Siku mtakapobishana mtarudi kwake.

Wenzetu wenye fedha walishalitambua tatizo hili. Wizara ya Nishati ya Marekani ina maabara 17 za taifa, na katika mojawapo, Argonne, karibu na Chicago, wanatengeneza elektrodi (sehemu za ndani ya betri zinazobeba chaji) za sifa moja na kuzihifadhi kama vitabu vya maktaba ili maabara nyingine zichukue hapo. Sisi hatuna kiwanda hicho, lakini mtindo hauhitaji kiwanda. Chukua pakiti sita. Zipimwe kwanza maabara, ziende chuo zipimwe, zije Mwanza zipimwe, kisha zirudi maabara zilikoanzia. Hiyo safari ya kurudi watu huifuta kuokoa nauli. Usikubali. Bila hiyo huwezi kujua kama tofauti imetokana na mita au pakiti zimeumia njiani. Zisafirishe zikiwa na chaji ya asilimia 30, kiwango cha juu ambacho kanuni za usafiri wa ndege zimeweka tangu 2016 kwa lithiamu inayosafiri peke yake, hata kama wewe unatumia gari la ofisi.

Kuhusu ununuzi nitakuwa mfupi kwa kuwa afisa ununuzi wako anaujua kuliko mimi. Kila taasisi ikiingia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, kivyake, mtapata seli mpya za rejea (za kulinganishia) za bechi tatu. Omba taasisi moja inunue kwa niaba ya wote, na kwenye sifa za zabuni, kwa kuwa hamwezi kung’ang’ania jina la kampuni, andikeni bechi moja, tarehe moja ya kutengenezwa, na cheti cha usalama cha IEC 62133. Anzeni Agosti. Fedha za utafiti zinazokimbizwa mwezi Juni hununua chochote kilichopo dukani.

Na ile mashine ya ukungu wa chumvi kwenye orodha yako, ifute. Kipimo hicho cha ISO 9227 kinapuliza maji ya chumvi asilimia 5 kwa nyuzi 35. Kinawafaa wa Tanga na Mtwara zaidi. Ziwa letu ni maji baridi, na picha ulizonitumia zinaonyesha shaba iliyogusana na alumini kwenye maungio, metali ambazo hulana zikipata maji, pamoja na unyevu uliojikusanya ndani ya kasha. Hiyo ni kazi ya simtanki: zamisha kasha kina cha mita 1 kwa dakika 30, lifungue, uone kama kuna tone. Ukifaulu hapo umefikia kiwango cha IP67 kwa upande wa maji, na fedha ya mashine itakulipia dereva wa zile pakiti sita.

Kama kundi lolote lina mtafiti wa kigeni, kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kiwe mkononi kabla hajagusa sampuli. Basi.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye takwimu zako kabisa. Mradi wako umeahidi kusema pakiti zitadumu mizunguko mingapi, na umepewa miaka miwili. Mitumbwi ya dagaa haitoki mbalamwezi, taa haivuti kitu mwezi ukiwa mpevu. Ukitoa siku kumi hivi kila mwezi, unabaki na usiku kama 240 kwa mwaka, yaani mizunguko isiyofika 500 kwa mradi mzima, tena kama hakuna dhoruba wala injini mbovu. Maabara inaweza kufanya mizunguko minane kwa siku na kufikisha 1,000 ndani ya miezi minne na kidogo. Watakuja na grafu nzuri, na mkuu wako atataka kuitumia hiyo. Lakini betri haizeeki kwa mizunguko tu. Inazeeka hata ikiwa imelala, na huzeeka haraka zaidi ikilala imejaa chaji mahali penye joto.

Kwa hiyo tuma mtu Igombe wiki ya mbalamwezi, mchana wa saa nane, akaulize pakiti ziko wapi. Nina wasiwasi atazikuta zimejaa, zimepangwa chini ya bati la kibanda. Awe na kipimajoto, na aandike tarehe ya mwezi kando ya kila namba. Kisha iombe maabara iweke pakiti mbili katika hali hiyohiyo, zimejaa, siku kumi kwenye joto hilo, baada ya kila mizunguko ishirini. Itawachelewesha na watalalamika kwamba ratiba ya robo haiwaruhusu. Ratiba hiyo ni yako, unaweza kuibadilisha. Majibu ya pakiti sita yakirudi nitumie, nitayaangalia.