Maswali yenu: Kanda iko kwa nani?

*Sina la kuficha. Kamera za polisi zinanihusu nini? (Msomaji, Thika)*

Tena? Hili nimelijibu hadi nimechoka. Uliza nani anaishika kanda ya picha za kamera, anaitunza hadi lini, na nani anaweza kuifuta.

*Baada ya magaidi kushambulia jumba la Westgate, si dawa ni kuongeza kamera tu? (Msomaji, Nakuru)*

Ziliongezwa. Mkataba wa serikali na Safaricom wa 2014, wa karibu Sh15 bilioni, ulikuwa wa kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Januari 2019 magaidi wakaingia hoteli ya DusitD2, Nairobi, wakaua watu 21. Kamera humfaa mpelelezi baada ya tukio. Kabla ya tukio unamhitaji raia anayeweza kuripoti bila hofu kwamba atalala seli yeye.

Na Westgate yenyewe mmeisahau upesi. Kamera za jumba lile ziliwanasa hata wanajeshi wakitoka dukani na mifuko ya plastiki. Bila kamera tungejuaje? Kamera za aina hiyo nazitaka. Juni 2025 Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi kituo cha Central, na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ikasema kamera za kituo zilivurugwa. Anayezinunulia barabara kamera aanze na zile za seli, na kanda yake aiweke mahali ambapo OCS, mkuu wa kituo, hafiki.

*Kadi yangu ya Huduma Namba, ile ya kidijitali ya serikali, bado ina kazi?*

Haina. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliibatilisha kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari yake kwa faragha ya watu.

*Kamera ya jirani inatazama mlango wangu.*

Mwombe aigeuze. Akikataa, mwone mwenye ploti, kisha Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kushughulikia lalamiko.

*Soja anadai nimwachie kitambulisho getini. Ana haki? (Msomaji, Nairobi)*

Sheria ya walinzi wa kibinafsi ya 2016 inamruhusu akuulize wewe ni nani, aandike saa zako za kuingia na kutoka. Ilimruhusu hata akishike kitambulisho kwa muda, ila 2023 mamlaka ya walinzi iliisimamisha ruhusa hiyo. Sheria inasema pia habari hizo ni za kukutambua tu. Sasa kitazame kile kitabu cha wageni: jina, nambari ya kitambulisho, simu, wazi mbele ya kila aliye nyuma yako kwenye foleni. Kikijaa kinapelekwa wapi? Dada wangapi wameshatumiwa SMS za "mrembo" kabla lifti haijafika? Mnaogopa kupelelezwa na setilaiti, kumbe tapeli wa kusajili laini kwa jina lako anahitaji picha moja tu ya kitambulisho. Mwonyeshe, akisome mkononi mwako. Safu ya simu iache tupu. Akisisitiza, mwambie ampigie mwenyeji wako.