Nslookup inajibu, ping inakataa

Mwaka jana niliitwa kwenye ofisi moja ndogo niweke Debian 12, mfumo wa Linux, kwenye kompyuta tatu zilizochoka. Kazi ya asubuhi moja. Saa saba mchana dada wa hesabu akanipigia: "Kaka, seva imekufa."

Haikuwa imekufa. Jirani yake mwenye Windows alikuwa anafungua `hesabu.local`, ndilo jina la seva, bila shida. Kwa dada, ping, amri ya kupima kama mashine inajibu, ilitoa `Name or service not known`, yaani jina halijulikani.

Nikajaribu kwa namba: `ping 192.168.1.10`. Ikajibu. Ukifika hapo waache waya na ruta wapumzike. Njia ipo, kilichopotea ni jina. Nikaandika `nslookup hesabu.local`, amri ya kuuliza jina lina namba gani, ikaleta namba ile ile. Nikarudi kwenye ping, ikagoma. Saa mbili ziliniishia hapo, nazima ruta na kuwasha kama fundi redio, maana nilidhani nslookup ikishasema, basi.

Kumbe nslookup na mwenzake dig huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS, mtunza majina na namba zake (pale ilikuwa ruta), iliyoandikwa kwenye `/etc/resolv.conf`. Ping na kivinjari hufuata foleni iliyopangwa kwenye `/etc/nsswitch.conf`, na foleni yenyewe ilikuwa hii:

`hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns`

Usome polepole. Anaanza `files`, yaani `/etc/hosts`, orodha ya majina iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. Anafuata mDNS, ambayo hupiga mbiu kwenye mtandao wa ndani: hesabu.local ni nani? Seva ile haikuwa na mDNS, ikanyamaza. Hayo ya kwenye mabano ndiyo yaliyotumaliza: asipopatikana hapa, ishia hapa. DNS, mwenye jibu, hakuulizwa kabisa. Majina ya `.local` yalitengewa mDNS rasmi mwaka 2013, ila aliyeliandika hilo kwenye ruta nadhani aliona linapendeza tu.

Siku hizi naanza na `getent ahosts hesabu.local`, kwa kuwa hupanga foleni ile ile na programu nyingine. Ukiwa na Ubuntu, Linux nyingine, utakuta 127.0.0.53 kwenye `resolv.conf`, usishtuke, hiyo ni kompyuta yenyewe, andika `resolvectl status` uone DNS halisi ni ipi.

Ningeweza kumsogeza `dns` mbele ya mDNS kwenye kompyuta zote tatu. Na ya nne ikinunuliwa? Nikabadili jina kwenye ruta likawa `hesabu.internal`, mwisho ambao ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliutenga mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimebandika mstari wa dharura kwenye `/etc/hosts` ya dada ili amalize mishahara. Sikuufuta. Miezi kadhaa baadaye seva ikapewa namba nyingine, na alamisho kwenye kivinjari chake bado ilikuwa na jina la zamani. Nikaitwa tena. Nilipofungua faili nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, umeelekeza kwenye namba isiyo na mtu. Nikaufuta, nikarekebisha alamisho, na habari ya nauli siku hiyo sikuitaja.