RAM "imejaa" kwenye Linux: kabla hujaisafisha, soma hapa

Mkuu, umesema RAM inajaa, ukaweka kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) inayoandika 3 kwenye drop_caches, swichi ya Linux ya kufuta nakala za faili zilizotunzwa kwenye RAM, kila dakika 5. Ifute leo leo. Umesema una 8 GB na amri ya free inakuonyesha 300 MB tu kwenye safu ya free. Umesoma safu siyo. Tazama ile ya available, yaani memori ambayo programu zinaweza kuipata. Linux haiachi RAM ikae bure: faili likishasomwa linabaki humo, na programu ikitaka nafasi linapisha. Ukilifukuza kwa nguvu, diski inasomwa upya na mashine inazidi kuburuza. Mimi drop_caches naigusa ninapopima kasi ya diski, basi.

Kilichowahi kuniumiza ni upande wa kuandika. Nina kistudio cha video za sherehe hapa Kirumba, Mwanza. Mama mmoja wa Ukerewe alifuata video ya send-off ya binti yake, roho juu asiachwe na meli ya Nansio. Mstari wa kunakili ukafika mwisho kufumba na kufumbua, nikachomoa flashi nikampa. Jioni simu: "Mwanangu, mbona sherehe inaishia kwenye keki?" Nilituma nyingine kwa nauli yangu.

Video ilikuwa bado ndani ya RAM. Kwa kawaida vm.dirty_ratio, kikomo cha data inayoruhusiwa kusubiri kwenye RAM kabla ya kuandikwa, ni 20, yaani asilimia 20 ya memori inayopatikana. Ikipatikana 6 GB, hapo GB 1.2 zinaweza kusubiri kuandikwa. Flashi za bei chee zinazoandika MB 5 kwa sekunde zinahitaji dakika 4 kumaliza huo mzigo, na wewe unaona "tayari". Umeme ukikatika, ni hasara ileile.

Kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/ niliweka:

vm.dirty_background_bytes=16777216
vm.dirty_bytes=50331648

Yaani MB 16 kuanza kuandika kimyakimya, MB 48 kumzuia anayenakili asizidishe. Halafu amri ya sysctl --system ili mpangilio uanze kufanya kazi. Sasa mstari unatembea kwa mwendo wa flashi yenyewe. Wateja wanasema nimekuwa mzito, nawapa kiti. Sync, amri ya kulazimisha kila kinachosubiri kiandikwe, bado naiandika kabla ya kuchomoa, maana hata hizo 48 zinaweza kubaki njiani. Ila mpangilio huu unagusa diski zote, kwa hiyo usiku nikitengeneza video ndefu naupandisha.

Swappiness uliyoiulizia, namba inayoamua Linux iwe na hamu kiasi gani ya kuhamishia data ya RAM kwenye diski, iache palepale kwenye 60. Jaribu kwanza kunakili faili kubwa huku ukitazama mstari wa Dirty (data inayosubiri kuandikwa) kwenye /proc/meminfo, kisha utuwekee namba hapa.